Maswali Yenu: Kasha Kwanza, Kamera Baadaye

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu kitu kimoja: kupiga picha chini ya maji kwa kamera ndogo. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu aliyeiandika yuko pale pale nilipokuwa mimi miaka ishirini na miwili iliyopita, fedha mkononi na maneno ya wauzaji yakinivuta huku na huku.

*

*Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza kozi yangu ya kwanza ya kuzamia na cheti kinaniruhusu kushuka hadi mita 18. Ninayo kamera ndogo ya mfukoni ambayo naipenda, na sasa natafuta kasha la kuishushia majini. Nimeona ya namna tatu: mfuko laini wa plastiki unaobanwa kwa juu, kasha la plastiki ngumu la mita 40 lililotengenezwa na kampuni ya kamera yenyewe, na la alumini la mita 100. Bei zake zimepishana kama mbingu na ardhi. Nikijibana sana naweza kulifikia la alumini. Je, nijibane ili niwe na uhakika kwamba maji hayataingia? Rafiki yangu ananiambia niachane na makasha yote, ninunue kamera isiyoingia maji. Nifuate lipi?*
*– Mzamiaji Mpya*

Marahaba, na hongera kwa cheti. Nianze na hiyo namba ya mita 100, maana ndiyo inayowapotosha wengi.

Kila unaposhuka mita 10 baharini, unaongezewa mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Ukiwa mita 18, kila sentimita moja ya mraba ya kasha lako inabeba karibu kilo 1.8 zaidi ya ilizobeba ukiwa juu. Mfuniko wa nyuma wa kasha dogo una sentimita 12 kwa 8 hivi. Piga hesabu: zaidi ya kilo 170 zinausukuma mfuniko huo, na zinausukuma uzidi kujifunga. Maji ya kina huikandamiza oringi, ile pete ya mpira inayoziba mfuniko, kwenye mfereji wake na kuziba vizuri kuliko vifungio vyako vilivyoweza kuziba ulipokuwa kwenye boti. Hatari kubwa iko mita moja ya juu, pale unaporuka, kasha linapigwa na wimbi, na oringi bado imeshikiliwa na kifungio peke yake. Makasha niliyoyaona yakiingia maji ni mengi, na mengi kati yake yalianza kuvuja kabla mwenyewe hajafika hata mita 3. Hapo la mita 40 na la mita 100 hayana tofauti. Yote yanategemea mpira mmoja kuwa safi.

Kwa hiyo ukijibana kwa ajili ya namba ile, umenunua kina ambacho hutakifikia. Hata wazamiaji wa burudani waliopanda ngazi zote za kozi huishia mita 40.

Namba ya kina ina maana nyingine ambayo haielezwi dukani, nayo ni ya vitufe. Kila kitufe cha kasha ni kijiti kinachopita kwenye tundu lenye oringi yake ndogo, na springi ndiyo inayokirudisha nje. Kijiti cha unene wa milimita 5, kwenye mita 40, kinasukumwa ndani na maji kwa uzito wa gramu 800 hivi. Springi ikizidiwa, kitufe kinabaki kimezama na kamera inadhani bado umekibonyeza. Kasha langu la kwanza liliandikwa mita 30. Siku moja nililipitisha mita 4 zaidi, kitufe cha menyu kikang'ang'ania ndani, na kasa mkubwa akapita mbele yangu taratibu huku kioo kikinionyesha orodha ya lugha. Nilipopanda kidogo kitufe kikarudi chenyewe. Kasa hakurudi. Tangu siku hiyo naichukulia namba ya kina kama ahadi ya springi zaidi kuliko ahadi ya kuta za kasha.

Mfuko laini uache. Unamfaa mtu anayeelea juu kwa miwani na mrija. Ukishuka nao, hewa iliyomo inabanwa, plastiki inaigandamiza kamera, na vitufe ama havibonyezeki ama vinajibonyeza. Na plastiki inayokaa mbele ya lenzi haikutengenezwa kuwa kioo. Picha zitatoka kama zilizopigwa kupitia mfuko wa sukari.

Sasa plastiki ngumu na alumini. Nimetumia yote mawili kwa miaka, na kwako wewe nasema bila kusita: chukua plastiki ngumu. Sababu yangu kubwa ni kwamba unaona ndani. Oringi ukiiona kwa macho yako imelala sawasawa pande zote, rangi yake ikiwa moja kuzunguka mfuniko, unaruka majini na moyo mtulivu. Na tone la kwanza likiingia utaliona likitembea chini ya kamera, nawe utakuwa na muda wa kupanda. Kwenye alumini huoni kitu. Ndiyo maana makasha mengi ya alumini yana valvu ya kufyonza hewa ya ndani kabla ya kuzamia na kitaa cha kukuambia kama kasha halivuji, na nakubali kwamba ni kinga nzuri kuliko zote nilizowahi kuzitumia. Alumini pia inadumu, vitufe vyake ni laini na imara, na inapoza joto la kamera upesi. Ni kasha la mtu ambaye tayari anajua atazamia mara ngapi kwa mwaka. Wewe bado hujajua, na si aibu.

Fedha itakayobaki usiitumie kwa mambo mengine. Nitakuambia ni ya nini nikifika kwenye rangi.

Kabla ya hapo, mikono. Dukani watu hulitazama kasha. Wewe liombe ulishike, kamera yako ikiwa ndani na imewashwa. Vaa glavu kama unazamia na glavu. Kisha fumba macho utafute kitufe cha kupigia, kile cha zumu, kile cha kubadilisha mwanga. Kama kidole kinahangaika hapo ulipokaa kwenye kiti, chini ya maji, huku unajisawazisha na kutazama mita ya hewa, hakitafika. Chunguza hasa mambo mawili. La kwanza, kioo cha kugusa: ndani ya kasha hakigusiki, kwa hiyo kila unachokifanya kwa kugusa lazima kiwe na kitufe chake. Ipo kamera niliyoipenda sana nchi kavu ambayo kuhamisha sehemu ya kulenga ilikuwa ni kwa kugusa tu. Chini ya maji ikawa kamera nyingine kabisa. La pili, pete inayozunguka lenzi. Kama umezoea kubadilisha mambo kwa pete hiyo, hakikisha kasha lina gurudumu linaloifikia, maana makasha mengine hayana.

Halafu kioo cha mbele, ambacho wengi hawakiulizii kabisa. Kamera ndogo nyingi huwekwa nyuma ya kioo bapa. Nuru ikitoka majini na kuingia kwenye hewa iliyo ndani ya kasha inapinda, na kila kitu kinaonekana kikubwa kwa theluthi moja na kiko karibu kuliko kilivyo. Lenzi yako ikianzia milimita 24, yaani zumu ikiwa pana kabisa, nchi kavu inaona pembe ya nyuzi 84 kutoka kona hadi kona. Nyuma ya kioo bapa inabaki na kama 60. Kwa samaki wadogo hilo ni jema. Kwa mwenzako wa mbizi, au mwamba mzima wa matumbawe, inabidi urudi nyuma, na kila hatua unayorudi unaweka maji zaidi kati yako na picha. Maji hayo ndiyo adui wa rangi na wa ukali wa picha. Dawa yake ni lenzi ya kuongezea kwa nje, ile inayofungwa na kufunguliwa hapo hapo chini ya maji. Kwa hiyo tazama kama kioo cha kasha kina hesi za kufungia lenzi hizo. Kipenyo kinachotumika sana ni milimita 67. Kasha lenye hesi hizo, au linalopokea pete ya kuziongezea, linakua pamoja nawe. Lisilo nazo litabaki vile vile siku zote. Ukiifunga lenzi ya namna hiyo, itikise kidogo utoe mapovu yaliyonaswa katikati. Nimerudi na picha hamsini zenye duara la povu juu ya kichwa cha pweza kwa sababu sikuitikisa.

Na rangi. Maji humeza nyekundu kwanza. Ukifika mita 5 imeshapungua sana, na mita 10 karibu haipo. Machungwa inafuata, kisha njano, na bluu ndiyo inayobaki. Mzamiaji aliyejikata kidole kwenye kina anashangaa kuona damu yake ina rangi ya kijani kibichi. Kamera ikiwekwa usawa wa nyeupe (kuifundisha kamera nyeupe ni ipi) kwa mkono, kwa kuilenga kwenye kitu cheupe pale pale ulipo, inarudisha kiasi. Jaribu kama vitufe vya kasha vinakuruhusu kufanya hivyo bila kupitia menyu kumi. Lakini rangi iliyokwisha mezwa yote inahitaji mwanga mpya, na hapa ndipo ile fedha iliyobaki inapoingia. Nunua flashi ya nje, au kwa kuanzia taa nzuri. Flashi ndogo ya kamera iko karibu mno na lenzi. Inamulika vumbi na vijidudu vilivyoelea mbele ya kioo, na picha inajaa madoa meupe kama theluji. Flashi iliyo kwenye mkono wa pembeni inamulika kwa ubavu, na vumbi hilo linabaki gizani. Kwenye makasha ya kamera ndogo flashi ya nje huamshwa kwa waya mwembamba unaopitisha mwanga wa flashi ya ndani. Hivyo ulizia kama kasha lina mahali pa kuchomeka waya huo, na kama flashi ya kamera yako inaweza kufunguka ikiwa ndani ya kasha. Kuna kamera ambazo flashi yake huruka juu kwa springi, na kasha likiwa limebana halina nafasi ya kuiacha iruke.

Mzamiaji mwenye kasha la plastiki na flashi nzuri atapiga picha bora kuliko mwenye kasha la alumini asiye na mwanga. Hili nimeliona kwa wanafunzi wangu mwaka baada ya mwaka.

Kuna jambo lingine lilinifanya niipe safu hii kichwa ilichonacho. Kasha hutengenezwa kwa umbo la kamera moja. Canon walipotoa kamera ndogo ya PowerShot G7 X walitengeneza kasha la WP-DC54. Ilipokuja G7 X Mark II, wakatengeneza jingine, WP-DC55. Kitufe kikihama milimita mbili, kasha la zamani halina faida tena. Sony walikuwa wema zaidi, maana kasha lao la MPK-URX100A linapokea zaidi ya toleo moja la kamera yao ya RX100, lakini mtindo huo ni nadra. Na makasha huacha kutengenezwa mapema kuliko watu wanavyodhani. Kwa hiyo usiniulize kasha gani linaifaa kamera yako kabla hujahakikisha kwamba lipo, na kwamba oringi zake za akiba bado zinauzwa. Ikiwa halipo, badilisha kamera. Najua unaipenda. Mimi nimewahi kumwona mtu akiikwangua kwa ndani plastiki ya kasha la kamera nyingine ili yake iingie, na sikuweza kumwangalia akiruka majini.

Na rafiki yako? Ana hoja, tena nzito. Kamera kama Olympus TG-6 yenyewe inastahimili mita 15 bila kasha. Kwa cheti chako cha mita 18 haitoshi, kwa hiyo bado utahitaji kasha, na lipo, PT-059, la mita 45. Faida yake ni kwamba kasha likivuja kidogo, kamera iliyomo haifi. Kwa mtu anayeanza, ambaye oringi bado hajaizoea, huo ni utulivu mkubwa wa moyo, nami huwashauri hivyo wengi ambao hawajanunua chochote. Ila usiishushe hadi mwisho wa mita zake 15 ikiwa uchi ukadhani iko salama kwa kuwa imeandikwa. Milango yake ya betri na chaji ina mipira yake, na chembe moja ya mchanga kwenye mlango huo ni sawa na chembe ile ile kwenye kasha.

*

*Mwalimu, kasha langu liliingia maji siku ya kwanza nilipolitumia. Nilifuata kila hatua ya kitabu cha maelezo. Kasha halina ufa. Muuzaji anasema kosa ni langu, nami nasema lilitoka kiwandani bovu. Kamera ilikaa kwenye maji ya chumvi kama dakika ishirini kabla sijapanda. Je, itapona?*
*– Aliyevunjika Moyo*

Pole sana. Nimeisoma barua yako mara mbili, maana najua uzito wa siku ile.

Kamera, nikwambie ukweli, haitapona. Chumvi na umeme wa betri vikikutana huila mizunguko ya ndani kwa dakika chache. Usiiwashe kujaribu. Toa betri kama bado hujaitoa, na uitupe salama. Kadi ya picha ni habari nyingine: isuuze kwa maji safi, iache ikauke siku mbili mahali penye hewa, kisha ijaribu kwenye kompyuta. Kadi nyingi hupona, na picha zake pia.

Kuhusu kosa, siwezi kukuamulia kati yako na muuzaji. Nitakusimulia langu. Nilikuwa na kasha nililolitumia miaka minne bila tone. Asubuhi moja kwenye boti wenzangu walikuwa wameshavaa mitungi, nami nikabadilisha betri kwa haraka na kujifutia mikono kwa taulo. Nilifunga. Nikaruka. Kwenye mita 2 niliona mstari wa mapovu madogo mno ukitoka kwenye kona ya mfuniko, mzuri kwa macho, na kwa nukta kadhaa sikuelewa ninachokitazama. Nilipolifungua juu, maji yakimwagika miguuni, nilikuta uzi mmoja wa taulo umelala juu ya oringi. Urefu wake haukufika sentimita moja. Nisingeuona kama nisingejua pa kutazama.

Kitabu cha maelezo kinasema "safisha oringi" kana kwamba ni neno moja. Ngoja nieleze ninavyofanya mimi tangu siku ile, nawe upime kama ulifanya hivyo.

Nafungua kasha ndani ya chumba, usiku wa kuamkia safari, kamwe si kwenye boti. Nanawa mikono na kukausha kwa hewa. Oringi naitoa kwa kuibana kwa vidole viwili ili ijikunje na kuinuka, au kwa kona ya kadi ya plastiki. Sindano na bisibisi hazikaribii mfereji wangu, kwa sababu mkwaruzo mmoja kwenye plastiki hauzibiki. Kisha naipitisha oringi polepole kati ya kidole gumba na cha shahada, nimefumba macho. Vidole vinahisi punje ambayo jicho haliioni. Nikihisi kijipasuko, inaenda kwenye takataka bila mjadala. Mfereji naufuta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kwa sababu pamba ya vijiti vya masikio huacha vinyweleo vyake humo humo. Grisi naipaka kidogo sana, kiasi cha kuifanya oringi ing'ae. Grisi haizuii maji. Kazi yake ni kuuwezesha mpira kuteleza na kukaa mahali pake mgandamizo unapoanza. Ukiijaza, unatengeneza mtego wa mchanga. Mwisho naweka oringi bila kuivuta, nafunga, na natazama kupitia plastiki kama rangi yake iko sawa kuzunguka kote. Na kamba ya kasha, hakikisha haijabanwa kwenye mfuniko. Hiyo peke yake imezamisha kamera za watu wengi ninaowafahamu.

Sasa jambo ambalo natamani ungelifanya, na ambalo ndilo lingekupa jibu kwa muuzaji: kasha jipya huingia majini mara ya kwanza likiwa tupu. Weka karatasi laini kavu ndani, funga, lizamishe kwenye beseni nusu saa ukibonyeza kila kitufe mara nyingi. Kisha shuka nalo tupu kwenye mbizi ya kweli, ukiwa umelifunga uzito maana litataka kuelea. Karatasi ikirudi na doa, tazama doa liko wapi: kwenye kona, ni oringi kuu, katikati chini ya kitufe, ni kijiti cha kitufe hicho, na hilo ni la kiwandani. Kasha lako bado unalo. Lifanyie jaribio hili wiki hii, kwa karatasi, kabla hujabishana tena na mtu yeyote.

Na ili ujue uko na nani: mwaka 1856 Mwingereza aitwaye William Thompson alishusha kamera ndani ya sanduku huko Weymouth, akaiacha ipige picha kwa dakika kama kumi. Picha hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kwanza kupigwa chini ya maji. Sanduku lake liliingia maji.

*

*Kwako Mwalimu. Kasha langu haliingii maji hata kidogo, lakini baada ya dakika kumi na tano kioo cha mbele kinapata ukungu kwa ndani na mbizi yangu inaishia hapo. Nifanyeje?*
*– Mpenda Matumbawe*

Maji hayo uliyafungia mwenyewe, yakiwa ndani ya hewa. Ulifunga kasha mahali penye joto na unyevu, kamera ikafanya kazi na kuipasha hewa hiyo zaidi, kioo kikapozwa na bahari, na unyevu ukatua kwenye kitu cha baridi kuliko vyote kilichoko humo. Plastiki inasumbuka zaidi kuliko alumini kwa sababu haiondoi joto upesi.

Funga kasha ndani ya chumba kikavu na cha baridi, asubuhi, na usilifungue tena hadi umalize mbizi. Weka pakiti moja au mbili za silika jeli, vile vipunje vinavyofyonza unyevu, mahali ambapo hazitagusa oringi wala kuziba lenzi. Zikichakaa zikaushe kwa joto dogo au uzibadilishe. Kwenye boti lifunike kwa taulo lililolowa, kivulini. Kasha lililokaa juani dakika ishirini limeshaandaa ukungu wake. Na ukiwa chini, izime kamera usipoitumia. Video ndefu ndizo zinazoipasha kuliko kitu kingine.

Usifanye kosa ambalo wengi hulifanya kwa nia njema: kutoa kamera kwenye chumba cha baridi kali na kuiingiza kwenye kasha huko nje penye joto. Hapo unyevu unatua kwenye kamera yenyewe kabla hata hujafunga.

*

*Mwalimu, mzee mmoja tunayezamia naye ananiachia kasha lake la miaka tisa pamoja na kamera yake. Anasema limetunzwa. Je, nilipokee? Na je, naweza kupaka mafuta ya mgando ya kawaida kwenye mpira wake badala ya ile grisi?*
*– Msomaji wa Siku Zote*

Lipokee na umshukuru sana. Kasha na kamera yake vikija pamoja umeshavuka kikwazo kikubwa kuliko vyote. Ila oringi za miaka tisa usiziamini, hata mzee akiapa. Agiza mpya, kuu na za akiba, zenye namba ya kasha hilo hilo. Vitufe vibonyeze kimoja kimoja ukiwa umelitumbukiza kwenye maji safi ya vuguvugu; kinachorudi polepole kina chumvi iliyoganda kwenye kijiti chake, na kuloweka kwa saa chache huilainisha. Tafuta nyufa ndogo kama nywele kwenye kona za vifungio na kuzunguka skurubu, kwa kulielekeza dirishani. Ukikuta hata moja, libaki kuwa kumbukumbu ya mzee na lisishuke tena.

Mafuta ya mgando usiyapake. Yanaivimbisha na kuilegeza mipira ya aina fulani. Tena si kila grisi ya silikoni inafaa kila oringi: oringi zilizotengenezwa kwa silikoni zenyewe zinaweza kuvimba kwa grisi ya silikoni isiyo yake. Tumia ile iliyotolewa na mtengenezaji wa kasha hilo. Kijitube kimoja kinakaa miaka.

Baada ya kila mbizi liloweke kwenye maji safi nusu saa likiwa bado limefungwa, ukivibonyeza vitufe vyote humo humo. Likikauka kivulini, toa oringi kuu na uihifadhi kwenye mfuko wake, kasha likiwa wazi kidogo. Ukisafiri nalo kwa ndege fanya vivyo hivyo, kwa sababu hewa ya ndegeni ni nyepesi, na kasha lililofungwa huko juu litakaza mfuniko wake ukishuka hadi usifunguke kwa mkono.

Na muulize mzee akuonyeshe jinsi yeye anavyolifunga, hatua kwa hatua, kabla hajakukabidhi. Miaka tisa bila kuvuja, ana mkono unaopaswa kuutazama.